Mavi ya Kale Hayanuki, Lakini

Samahani kwa kichwa hicho, ila methali ni ya wahenga, si yangu. Tunaitumia tukitaka kusema kwamba kosa la zamani limeshapita, tusilifukue. Leo naomba tuichukue jinsi ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu nataka tuzungumzie mavi yenyewe, pamoja na maji yanayoyabeba, na swali moja ambalo naona watu wa Bariadi na vijiji vyake watalazimika kulijibu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Swali ni hili: maji yakishatoka kwangu yakiwa machafu, bado ni yangu?

Linaonekana swali la bwana afya au la fundi bomba. Mimi naona ni swali la maadili kwanza, fundi anakuja baadaye. Fundi anajua namna ya kusafisha majitaka. Asichoweza kutuambia ni kwa nini tugharamie maji ambayo hatutayanywa tena, kwa ajili ya watu ambao hatuwajui.

Tuanze na hali ilivyo. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao makuu yakawekwa Bariadi. Anayeijua nchi ile anajua kwamba neno lake la kwanza ni kiu. Mito yake mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha inafoka, kiangazi kikifika inabaki mchanga, na watu wanauchimba mchanga huo kutafuta maji yaliyojificha chini. Palipokosekana mto palichimbwa lambo, ng'ombe wakanywa, na mara nyingi binadamu wakachota humohumo. Mji wa Bariadi una kata inayoitwa Malambo. Hakuna haja ya kueleza jina hilo limetoka wapi.

Kiu hiyo ndiyo iliyoleta mpango mkubwa. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, za kusaidia kuyatoa maji Ziwa Victoria na kuyapeleka katika wilaya za Simiyu: Busega iliyo kandokando ya ziwa, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Mtu asiyewahi kuamka saa tisa usiku kufuata maji hawezi kuelewa maana ya bomba. Sitaki kumsikia yeyote akilibeza. Bomba ni utu.

Lakini maji yakija, yanakuja na pacha wake, na pacha huyo hakatiwi utepe. Lugha yetu yenyewe inatucheza shere hapa: maji tunayoyataka kwa nguvu zote asubuhi, jioni yanaitwa majitaka.

Hebu tupige hesabu ndogo. Familia inayotegemea ndoo ya lita 20 kichwani haina majitaka ya kutajwa. Maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa uani, yanakaukia hapo. Ya kuogea yanamwagiliwa mgomba au mpapai. Choo ni cha shimo, hakihitaji maji zaidi ya kopo. Kinyesi kinabaki pale kilipoangukia, kinaoza polepole, na shimo likijaa linafukiwa, linachimbwa lingine. Sasa mpe familia hiyo bomba ndani ya nyumba na choo cha kuvuta. Kila anayekivuta anapeleka lita sita hadi tisa. Mara tatu tu, ndoo nzima imekwenda, tena ya maji yaleyale yaliyosafishwa na kusukumwa kutoka ziwani. Kinyesi kilichokuwa kimetulia shimoni sasa kimepewa miguu.

Kampeni zetu kubwa za afya zilijengwa juu ya shimo, na zilifanya kazi ya kuheshimika. Mwaka 1973, Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni mbili kuzizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo. Ujumbe wa zote mbili ulikuwa sahihi: kila kaya iwe na choo chake. Ila ujumbe huo unaishia mlangoni mwa kaya. Choo cha shimo ni jambo la mwenye nyumba. Choo cha maji ni jambo la mtaa mzima, na la mtaa wa chini yake, na la kijiji kinachofuata. Hapo ndipo maadili ya "kila mtu na choo chake" yanapofika ukingoni.

Utaniuliza, karo si lipo? Lipo. Mwenye uwezo anajenga karo, tope linakaa chini, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanakwenda kwenye shimo la kunyonya. Shimo linanyonya kama udongo unataka. Wasukuma wana majina ya udongo wao kwa sababu wanaishi nao. Luseni ni ule wa kichanga. Ukilimwagia maji shimo la luseni yanapotea haraka, unafurahi, kumbe yanaweza kuwa yanaelekea kisimani kwa jirani. Ndiyo maana wataalamu wanataka choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Mbuga ni ule mweusi, mzito, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Huo ukishashiba maji haunyonyi tena. Shimo linafurika, na uchafu unatoka kutembea na mvua. Wapo wanaoisubiri mvua hiyo makusudi. Mjini wana neno lake: kutapisha. Mvua kubwa ikishuka usiku, mtu anafungua karo au anatoboa ukuta wa choo, mafuriko yanachukua. Asubuhi uwanja umefagiliwa, watu wanasalimiana.

Kutapisha ni mfano mzuri wa tunachokizungumzia, kwa sababu mtu yule hajioni mwovu. Hajamwibia mtu, hajampiga mtu. Ametoa kitu chake nje ya eneo lake, mvua ikafanya iliyobaki. Ukimbana atakupa moja ya hoja tatu, na hoja hizo si za mjinga. Nimewahi kuzisikia kutoka kwa watu waliosoma, wenye gari na makaro ya vigae.

Hoja ya kwanza: yakishatoka kwangu si yangu. Hoja ya pili: ziwa ni kubwa, uchafu wangu una nini? Hoja ya tatu: hayo ni ya serikali na wafadhili, walioleta maji watajua pa kuyapeleka.

Tuichukue ya kwanza. Fikiria kijana amejenga gesti ya vyumba kumi pale Somanda, karo lake limejaa, masika anatapisha. Bondeni huko, kiangazi kikifika, mama mmoja anachimba mchanga wa mto kupata maji ya kunywa. Wakutanishe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja na neno dogo tu. Wajukuu zangu wanaharisha."

"Pole sana mama. Sasa mimi nahusikaje?"

"Sijui kama unahusika. Nauliza tu, maji ya kwako yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda na mvua, mama. Yakishatoka hapa mimi siyajui tena."

"Na mimi yakifika kwangu siyajui yametoka kwa nani."

Mama hana ushahidi. Hawezi kumpeleka kijana kwa mtendaji wa kata, maana maji hayabebi jina la mwenyewe. Kijana naye hadanganyi, kweli hayajui. Lakini angalia kutojua huko kumetoka wapi. Kutojua kwa mama ni hali aliyosukumiwa. Kutojua kwa kijana ni starehe aliyoichagua. Tungekuwa tunazungumzia ng'ombe, pasingekuwa na mjadala. Ng'ombe wako akivunja ua usiku, akala mtama wa jirani, huwezi kusema "alishatoka zizini, si wangu". Kila mzee wa Kisukuma atakucheka. Ni wako kwa sababu wewe ulimfuga na wewe ndiye ungeweza kumfunga. Basi na maji ni hivyohivyo. Nani aliyachafua, na nani angeweza kuyazuia? Jibu la yote mawili ni mtu mmoja.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800. Karo la gesti moja ni nini hapo? Kweli, peke yake si kitu. Lakini ziwa hilo ni pana tu, si la kina: wastani wake ni kama mita 40, wakati Tanganyika inashuka hadi karibu mita 1,470. Ni sinia zaidi kuliko chungu. Na tulishaonyeshwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 magugu maji yalisambaa ziwani, yakaziba mialo na kunasa mitumbwi, na moja ya vitu vilivyoyanenepesha ni mbolea iliyoingia na mito na majitaka ya miji ya nchi zote tatu. Hakuna mji hata mmoja uliokusudia hayo. Tunafundishana kwamba haba na haba hujaza kibaba tukihimizana kuweka akiba. Methali hiyohiyo inafanya kazi upande wa uchafu, ila huku hatupendi kuitaja.

Sasa tazama ramani. Mito ya upande wa Bariadi inaingia Mto Simiyu, na Mto Simiyu unashuka magharibi hadi Ziwa Victoria. Yaani maji yanayopandishwa kwa pampu kutoka ziwani yatarudi ziwani kwa mteremko, na safari hii yatakuwa yamepitia kwetu. Wahenga walimwonya msafiri asinyee kambi, kwa kuwa huenda akalala hapo tena. Sisi hata si wasafiri, tunalala kambi hiyo kila siku. Torati nayo iliwataka Waisraeli wawe na chombo cha kuchimbia, kila mtu akajisaidie nje ya kambi na afukie. Mafundisho ya Uislamu yanakataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mila na dini zinakubaliana hapa kwa namna ambayo hazikubaliani katika mambo mengi: maji ya pamoja hayana upande wa nyuma.

Anayetaka mfano mwingine aende kichocho. Ugonjwa huu tunauishi kanda ya ziwa. Mtu mwenye kichocho anakojoa lamboni, mayai ya minyoo yanatoka na mkojo, yanaanguliwa majini, yanaingia ndani ya konokono, yanazaliana humo, kisha yanatoka kutafuta ngozi ya atakayeingia kuogelea, kufua au kunywesha ng'ombe. Mara nyingi atakayeingia ni mdogo wake, au mwenyewe. Nani mkosaji hapo? Ukitafuta mtu mmoja wa kumnyooshea kidole hutampata. Kila mmoja ni mgonjwa na kila mmoja ni chanzo. Na kumwambia mtoto "usikojoe majini" ni vizuri, lakini haitoshi, kwa sababu lambo halitapona kwa wema wa mtoto mmoja. Litapona wote wakikubaliana, na wote wakiwa na pa kwenda.

Naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo. Tumezoea kuyafikiria maadili kama usafi wa moyo wa mtu mmoja: mimi sijaiba, mimi sijazini, mimi choo changu ni kisafi. Majitaka yanatuumbua. Unaweza kuwa mtu safi kabisa, unanawa, unapiga deki kila siku, na usafi wako huohuo ndio unaotengeneza uchafu wa mwenzio wa bondeni. Kadiri unavyotumia maji mengi kujisafisha ndivyo unavyomwelekezea mengi machafu. Wema wa namna hii haupimwi ndani ya ua wako. Unapimwa pale maji yako yanapofikia.

Na kipimo chetu cha kawaida, yaani pua, hakitufai. Mwaka 1858 mto wa London ulinuka majira ya joto kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ili wabunge waweze kukaa humo. Kwa miaka mingi wakazi wa kawaida walikuwa wameugua na kufa kwa kipindupindu, na mambo yakaenda taratibu. Uvundo ulipoingia bungeni, sheria ilipita ndani ya siku 18. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi, kazi inayosifiwa mpaka leo. Lakini mifereji ile haikuyasafisha majitaka. Iliyapeleka tu mashariki, nje ya mji, ikayamwaga mtoni. Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na pale majitaka yalipokuwa yakimwagwa. Zaidi ya watu 600 walikufa, na wengi waliamini kwamba maji yale yaliwamaliza hata waliojua kuogelea. Mji ulikuwa umeacha kunuka. Uchafu ulikuwa umehama tu.

Hapo sasa tunarudi kwenye methali yetu. Mavi ya kale hayanuki: ni kweli, na kwa kiasi fulani ndiyo sayansi nzima ya mabwawa ya majitaka. Mabwawa hayo hayana maajabu. Kinachofanya kazi ni muda. Bwawa la kwanza lina kina cha mita tatu hadi tano, hewa haifiki chini, na vijidudu visivyohitaji hewa vinautafuna uchafu mzito. La pili ni la kina cha mita moja hadi mbili. Mwani unaota juu, unatoa oksijeni mchana, na vijidudu vya aina nyingine vinaendelea pale wenzao walipoachia. La mwisho ni fupi zaidi, ili jua lifike na kuua vimelea. Maji yanakaa humo siku kadhaa, mara nyingi wiki kadhaa, hayahitaji umeme wala dawa za bei. Yanahitaji ardhi, jua na uvumilivu. Simiyu jua lipo. Mabwawa ya namna hii yapo Moshi, na wakulima wa mpunga wa Mabogini wamekuwa wakiyatumia maji yanayotoka humo.

Lakini kuna "lakini" mbili. Kwanza, mavi yanakuwa ya kale yakiwa yamewekwa mahali. Yanayotembea na mvua hayapati muda wa kuzeeka, yanafika kwa jirani yakiwa mabichi. Pili, kutonuka si kutodhuru. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kukaa hai kwenye tope miezi mingi, hata miaka, bila harufu yoyote. Methali inasema ukweli kuhusu pua, si kuhusu afya. Nadhani hata maana yake ya mafumbo tuitazame upya, maana yako makosa ya zamani yasiyonuka ambayo bado yanaangua.

Bado sijaijibu hoja ya tatu, na kabla ya hapo kuna pingamizi zito zaidi ambalo lazima nilipe nafasi. Linasema hivi: acheni anasa. Watu hawana maji ya kunywa, ninyi mnaleta habari za kutibu majitaka. Walete maji kwanza, hayo mengine tutaona.

Nalielewa. Anayelisema mara nyingi ni mtu aliyeteseka, na mtu mwenye kiu hastahili mhadhara. Ila naona lina kosa moja la hesabu. Linadhani kwamba maskini ndiye atakayebebeshwa mzigo wa majitaka. Ukweli ni kinyume. Mama wa ndoo ya lita 20 hachafui kitu. Anayechafua ni mwenye choo cha kuvuta, hoteli, ofisi, hospitali, shule ya bweni, machinjio na kiwanda. Kwa hiyo wajibu hauko sawa kwa wote. Unakua kadiri mgao wako wa maji unavyokua, na anayepata mengi adaiwe mengi. Na majitaka yakiachwa, mama huyohuyo ndiye atakayeyanywa kwanza. Kusema "maji kwanza, majitaka baadaye" kunamaanisha wengine wapate maji sasa na wengine wapate majitaka sasa. Mwanzoni mwa 2024 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohangaika na kipindupindu. Kipindupindu hakisubiri awamu ya pili ya mradi.

Basi, hoja ya tatu, ya serikali. Kwa upande mmoja ni sahihi. Hakuna mtu wa kijijini atakayejenga mabwawa kwa mshahara wake. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA iliipa jina la Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na maneno hayo ya mwisho ni ahadi. Mwananchi ana haki ya kuidai kama anavyodai bomba. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu, vyote viwili kwa pamoja.

Ila serikali ikijenga, maswali yanabaki. Mabwawa yatakaa kwenye ardhi ya nani? Kwa kawaida mahali pa uchafu huwekwa karibu na wasio na sauti, kisha wanaambiwa ni maendeleo. Nani atachota tope makaro yakijaa? Dar es Salaam wapo wanaoitwa vyura, wanaoingia shimoni kwa miguu na mikono yao kupakua vyoo, mara nyingi usiku ili mtaa usiwaone. Tunawalipa watufanyie kazi, halafu tunawalipa tena kwa kuwadharau. Mji unaotaka kujua kiwango cha maadili yake usihesabu misikiti na makanisa, uwatazame hao wana glavu na buti au hawana, na watu wanawasalimia au wanageuka upande.

Na hapa ajabu moja ya Usukumani inanifikirisha. Mavi ya ng'ombe hayana aibu kule. Ni samadi, ni sakafu iliyosiriba vizuri, ni dalili kwamba boma lina mali. Mzee anaweza kusimama zizini akajadili posa. Kinyesi cha binadamu peke yake ndicho kisichosemwa. Tunakificha kwenye "haja", "msalani", "kujisaidia". Adabu hiyo naipenda, siombi tuiache. Lakini kitu kisichosemwa hakipangiwi bajeti, na hakiwi ajenda ya mkutano wa kijiji. Aibu inatulinda mezani, inatuponza bondeni.

Kwa bahati nzuri hatuanzi sifuri. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa masika, wakati nyasi ziko kila mahali na hakuna anayelihitaji, ili lifunguliwe kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 wakati Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, haukuleta wazo jipya kutoka nje. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota tena miti na nyasi. Lililoilinda ngitili halikuwa wema wa mtu mmojammoja. Kulikuwa na dagashida, mkutano wa jadi unaokaa, kukubaliana sheria, na kumtoza faini anayezivunja, awe tajiri au maskini.

Mimi naliona bwawa la majitaka kama ngitili ya maji. Ni ardhi iliyofungwa kwa makubaliano. Kitu kinatunzwa humo kwa muda mpaka kiwe salama, kisha kinafunguliwa kwa faida: miti, malisho ya ng'ombe, mashamba kwa masharti ya wataalamu. Na kama ngitili, halitaishi kwa uzio na mlinzi. Litaishi kama kijiji kimekaa chini kujibu maswali yanayotia aibu. Linakaa wapi, na wanaokaa karibu nalo wanapata nini? Mwenye gesti analipa kiasi gani kulinganisha na mwenye kaya? Anayetapisha anatozwa nini? Wachota tope wanalindwaje? Na mama wa bondeni ana kiti kwenye mkutano huo, hata kama si mkazi wa kata?

Hilo la mwisho ndilo gumu. Dagashida ni ya wenyeji, na mto hautambui wenyeji. Anayekunywa maji yetu anaweza kuwa Magu, anaweza kuwa Kisumu. Hatajua majina yetu, hatatushukuru, wala hatatushtaki. Kumtendea haki mtu wa namna hiyo ni tofauti na kumsaidia jirani ukitegemea kesho atakusaidia. Ni haki isiyo na malipo ya kurudishiwa. Nadhani hicho ndicho kipimo chenyewe. Mtu akikutazama, au akikujua kwa jina la baba yako, kutenda haki si kazi kubwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo. Maji yakishatoka kwangu bado ni yangu, mpaka yatakapokuwa hayawezi kumdhuru mtu. Mpaka wa kiwanja changu ni mpaka wa hati tu, hauyaondolei maji jina langu. Mabomba yakifika Bariadi tutashangilia, na tuna haki ya kushangilia. Siku ya kukata utepe, baada ya hotuba na ngoma, mtu mmoja anyooshe mkono amwulize mgeni rasmi, kwa heshima zote: "Mheshimiwa, tumeona yanapotokea. Sasa tuonyeshe yanapokwenda."